Majirani wa Serengeti: Somo kwa Wakaao Bariadi na Simiyu



Mwezi huu twataka kujifunza pamoja habari za kitu kilicho karibu nasi sana, ambacho kwa sababu ya ukaribu wake wengi wetu hatukijui. Watu hutoka Ulaya na Marekani, hupita bahari na nchi nyingi, hutoa fedha nyingi, ili waione Serengeti siku tatu au nne tu. Sisi tukaao Bariadi na Itilima, Meatu na Busega, twalala na kuamka karibu na mpaka wake, na wako wengi kwetu waliozeeka bila kupita langoni mwake hata mara moja.

Ilipotangazwa katika usharika ya kuwa vijana na walimu wao watakwenda kuitazama Serengeti, watu walifurahi. Lakini mzee mmoja, mkulima wa upande wa mpakani, alisimama akasema, "Walimu, tembo wamelala katika mtama wangu usiku tatu. Leo mwaniambia nitoe fedha yangu niende kumwamkia mwizi nyumbani kwake?" Watu walicheka sana, walakini hakuna aliyemjibu. Sisi nasi tulicheka, kisha tukaona haya, maana neno lake lilikuwa na haki ndani yake. Basi tulimchangia nauli tukamsihi aje pamoja nasi. Somo hili ni kujaribu kumjibu yeye, na wote walio na swali kama lake.

I. Mahali penyewe

Mkoa wa Simiyu ulifanywa mkoa mwaka 2012, nao una wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Makao yake makuu ni Bariadi mjini, katika nchi ya Wanantuzu. Upande wa mashariki nchi hii yapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, yenye kilometa za mraba 14,763. Katikati yako Pori la Akiba la Maswa, lililowekwa mwaka 1962, na upande wa Busega liko pori dogo la Kijereshi.

Jina Serengeti latoka katika lugha ya Wamasai, nalo lataka kusema nchi pana isiyo na mwisho. Watu hudhani ya kuwa ni nchi tambarare ya chini, lakini sivyo. Ni uwanda wa juu. Ziwa Victoria lenyewe liko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka ziwani kwenda mashariki nchi yapanda polepole, pasipo mtu kuona, hata yapita meta 1,800 karibu na milima ya Ngorongoro. Ndiyo sababu usiku wa huko ni wa baridi, na asiyechukua nguo nzito hujuta.

Yafaa tuelewe habari ya mvua, kwa sababu ndiyo ufunguo wa mambo yote ya Serengeti. Upande wa mashariki mvua ni haba, milimita 500 hivi kwa mwaka. Upande wa kaskazini na magharibi ni nyingi zaidi, hata hupita milimita 1,000. Lakini udongo wa mashariki ni majivu ya volkano yaliyorushwa zamani na milima ya huko, na nyasi zake fupi zina madini mengi yafaayo mifupa na maziwa. Basi nyumbu hawezi kukaa mahali pamoja. Wakati wa mvua huenda mashariki na kusini ili azae na kunyonyesha. Nyasi zikikauka huja kwetu magharibi, kisha huenda kaskazini kwenye mto Mara penye maji. Hivyo huzunguka mwaka mzima, kama mchungaji ajuaye malisho yake.

Tena mito yetu, Simiyu na Duma, hupata maji yake katika nchi ile ya mashariki, kisha hushuka kwenda ziwani. Mtu wa Bariadi achotaye maji mchangani wakati wa kiangazi, huchota mvua iliyonyesha upande wa wanyama. Kwa hiyo hata asiyemtazama simba maisha yake yote, ana fungu lake katika nchi ile.

II. Jinsi hifadhi ilivyowekwa

Mwaka 1929 sehemu ya Serengeti ilifanywa pori la kuhifadhi wanyama, kwa kuwa wawindaji waliotoka ng'ambo walikuwa wakiwaua simba wengi mno kwa bunduki. Mwaka 1951 ikawa hifadhi ya taifa. Mwaka 1959 mipaka ilibadilishwa, Ngorongoro ikatengwa iwe nchi ya watu na wanyama pamoja, na Serengeti ikaachwa kwa wanyama peke yao.

Siku zile Bernhard Grzimek, bwana wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alikuja na mwanawe Michael kuwahesabu wanyama kwa ndege ndogo. Januari 1959 ndege ile ilianguka, Michael akafa, akazikwa juu ya ukingo wa Ngorongoro. Baba yake alimaliza kazi ile akaandika kitabu na kutengeneza sinema, na kwa hizo jina la Serengeti likajulikana duniani kote. Mwaka 1981 nchi hiyo iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Lakini hapana budi kusema habari yote, si nusu yake. Nchi ile haikuwa tupu. Wamasai walichunga humo. Waikoma na Wasukuma walilima na kuwinda upande wa magharibi. Ilipowekwa mipaka watu walihamishwa, na wajukuu wao wangali wakikumbuka. Mtu akikuambia ya kuwa mpaka ulichorwa na wageni pasipo kuwauliza wazee, usimwite mwongo. Kusikia neno hilo kwa saburi ni mwanzo wa ujirani.

III. Habari ya sotoka

Sasa twafika kwenye moyo wa somo letu. Gari lilipokuwa likienda, mzee wetu alianza kuwasimulia vijana habari za utoto wake. Alisema ya kuwa baba yake aliwapeleka ng'ombe kuchomwa sindano ya sotoka, na ya kuwa jirani zao wengine waliwaficha ng'ombe wao vichakani, wakiogopa ya kuwa serikali yawahesabu ili iongeze kodi. "Sisi tulichoma," alisema, "na ng'ombe wetu hawakufa." Kijana mmoja akamwuliza, "Babu, sotoka ni nini?" Tukafahamu ya kuwa watoto wetu hawalijui tena jina lililowaliza babu zao. Basi na tueleze.

Sotoka ni ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa mkali kupita yote. Uliingia Afrika upande wa Ethiopia na Eritrea karibu na mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli. Kufika 1890 na 1891 ulikuwa umeingia nchi ya Wamasai na nchi za ziwani, na kabla ya mwaka 1897 kwisha ulikuwa umefika kusini kabisa mwa Afrika. Mahali pengi katika ng'ombe kumi walikufa tisa. Watu walikosa maziwa, walikosa mahari, walikosa ng'ombe wa kulimia. Njaa ikafuata, na baada ya njaa ndui. Mashamba yaliachwa, vichaka vikamea, mbung'o wakaingia. Nchi nyingine ambazo wageni wa baadaye waliziona zina miti na wanyama tu, wakadhani ndivyo zilivyoumbwa, zilikuwa nchi za watu zilizopatwa na msiba.

Walakini sotoka haikuwaua ng'ombe tu. Nyumbu, nyati na twiga nao ni jamaa ya wanyama wenye kwato mbili, nao walikufa kwa wingi. Na kwa miaka kama sabini iliyofuata, ugonjwa ulirudi mara kwa mara, ukawaua sana ndama wa nyumbu. Watu walidhani ya kuwa wanyama pori ndio wanaoutunza ugonjwa na kuwapa ng'ombe. Walikosea. Ng'ombe ndio waliokuwa wakiutunza, wakawapa wanyama.

Jambo hili lilijulikanaje? Lilijulikana kwa sindano. Bwana Walter Plowright na wenzake, waliofanya kazi Muguga katika nchi ya Kenya, walitengeneza chanjo njema ya sotoka. Wakati ule ng'ombe wa pande zote za Serengeti walikuwa wakichanjwa. Hakuna aliyemchanja nyumbu hata mmoja. Lakini ng'ombe walipoacha kuugua, nyumbu nao waliacha. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walihesabiwa kama 260,000. Mwaka 1977 walikuwa wamepita 1,300,000. Na tangu wakati ule wamekaa karibu na hesabu hiyo.

Nyumbu walipokuwa wengi walikula nyasi nyingi. Nyasi zilipopungua, moto wa kiangazi ulipungua. Moto ulipopungua, miche ya miti ikapata kukua, na mahali palipokuwa uwanda mtupu pakawa na miti tena. Mambo hayo yote yalianza na sindano katika zizi la ng'ombe.

Mwaka 2011 ilitangazwa ya kuwa sotoka imekwisha duniani. Magonjwa mawili tu yamekomeshwa na binadamu duniani pote: kwanza ndui, iliyotangazwa kwisha mwaka 1980, na ya pili sotoka.

Basi, ndugu msomaji, fikiri neno hili. Wageni husema ya kuwa Serengeti iliokolewa na wataalamu na askari. Ni kweli, walifanya kazi kubwa, na wengine walikufa katika kazi hiyo. Lakini iliokolewa pia na wafugaji waliowaleta ng'ombe wao kuchanjwa, Wasukuma, Wamasai, Waikoma na wengine, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Baba wa mzee wetu alikuwa mmoja wao. Tulipomwambia hivyo ndani ya gari alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe na sisi tuliwalisha."

IV. Jinsi ya kwenda

Safari yetu tuliifanya mwezi wa Juni, wakati nyumbu wanapopita upande wa magharibi. Atakaye kuona uzazi wa nyumbu, na aende Januari hata Machi upande wa kusini; lakini kwa mtu wa Simiyu, Mei hata Julai ndio wakati ufaao, maana wanyama wenyewe hutukaribia. Wakati wa masika usiende na gari dhaifu. Udongo wa huko ni mweusi kama wa mbuga zetu za pamba, na ukilowa hushika gari kama gundi.

Kutoka Bariadi tulifuata barabara ya lami kwenda Lamadi, kama kilometa 70. Hapo tulikuta barabara kuu ya Mwanza na Musoma, tukageuka kulia, na mbele kidogo tukafika lango la Ndabaka. Tuliondoka usiku ili tuwe langoni saa kumi na mbili asubuhi, maana wanyama huonekana vizuri kabla ya jua kuwa kali. Tungalifika mapema zaidi, lakini mwenye gari wa kwanza tuliyepatana naye hakuja, akazima na simu yake, na ilitubidi tutafute mwingine usiku ule ule. Basi twawashauri: patana na watu wawili, tena ukague magurudumu mwenyewe.

Yafaa ujue mambo haya kabla ya kwenda:

Kwanza, fedha. Mwananchi hulipa kidogo sana kuliko mgeni, na mtoto asiyetimiza miaka mitano halipi. Lakini kila mtu mzima awe na kitambulisho chake. Malipo hayafanywi kwa noti langoni, kwa hiyo ulizeni mapema jinsi ya kulipa, na kibali ni cha saa ngapi.

Pili, sheria. Gari halipiti mwendo wa kilometa 50 kwa saa, wala haliachi njia. Mtu hashuki ila mahali palipoonyeshwa. Usiku hakuna kutembea kwa gari. Usimpe mnyama chakula, usipige kelele, usitupe takataka, usichukue fuvu wala pembe wala unyoya. Tuliona gari moja limeacha njia ili watu wampige picha duma. Duma akaondoka na swala wake akamwacha. Mnyama yule amekosa chakula cha siku kwa ajili ya picha moja.

Tatu, mavazi. Mbung'o wako, nao hupenda rangi ya buluu na nyeusi. Vaa rangi ya udongo au ya nyasi kavu. Chukua nguo ya baridi, maji ya kutosha, na chakula kisicho na harufu kali.

Nne, mwendo. Kutoka Ndabaka hata Seronera, katikati ya hifadhi, ni zaidi ya kilometa 130. Wenye siku moja tu wasiende huko. Waishie upande wa Kirawira kwenye mto Grumeti, watarudi wameshiba macho. Wenye siku mbili waweza kupiga kambi Seronera, ambako iko nyumba ya mafundisho yenye njia ya kutembea kwa miguu kati ya majabali. Wako pia watembeao porini pamoja na askari mwenye silaha, na wapandao baluni alfajiri kutazama nchi toka juu. Lakini hayo yana gharama yake, na ya baluni ni kubwa sana. Sisi hatukuyafanya, wala hatukuona ya kuwa tumepungukiwa.

V. Jinsi ya kutazama

Watu wengi huingia hifadhini wakiuliza neno moja tu, "Simba yuko wapi?" Wakimwona amelala chini ya mti husema, "Haya, twendeni." Kutazama hivyo ni kama kufungua kitabu ili kuona picha peke yake. Sisi tuliwapa vijana kazi: kila mmoja achague mnyama mmoja, amtazame mpaka ajue jambo moja ambalo hakulijua.

Msichana mmoja alichagua punda milia. Aliona ya kuwa punda milia hula mabua marefu na magumu ya nyasi. Nyuma yake akaja nyumbu, akala majani ya katikati. Na mahali nyumbu walipokwisha kupita, swala tomi walikuwa wakila machipukizi mafupi yaliyo karibu na ardhi. Tukamwambia ya kuwa wataalamu nao waliona jambo hilo katika nchi hii hii ya magharibi. Kila mmoja humwandalia mwenziwe. Hawagombani kwa sababu hawali chakula kile kile.

Kijana mwingine alichagua nyamera. Alimwona amesimama juu ya kichuguu, kama mlinzi wa shamba juu ya dungu lake, akitazama pande zote. Mwingine akawatazama mamba wa Grumeti, wakubwa kupita kiasi, wamelala mchangani vinywa wazi, wakimngoja nyumbu ambaye huja mara moja tu kwa mwaka. Katika miti ya mtoni tuliwaona mbega weupe na weusi. Na pale Kirawira viboko walikuwa wengi majini, nao walinuka vibaya, hata watoto wakaziba pua.

Mzee wetu hakutaka kuchagua. Lakini tulipofika mahali nyumbu walipokuwa wakipita njia, mstari usio na mwanzo wala mwisho, dereva alizima gari. Tulingoja zaidi ya nusu saa wapite. Ndama walikwenda ubavuni pa mama zao, wakilia, na mama wakiwajibu. Ndama wa nyumbu husimama kwa miguu yake dakika chache baada ya kuzaliwa, naye asiposimama fisi humchukua. Mzee aliwatazama kwa jicho la mfugaji. Mwisho akasema, "Huyu ana maziwa. Yule pale anachechemea, hataifika Mara. Hawa ni ng'ombe tu, walimu. Ni ng'ombe wasio na mwenyewe." Hatukusikia neno jema kuliko hilo siku ile.

VI. Deni la majirani

Sasa twarudi kwenye swali la mtama. Majirani hupeana mema, hupeana na mabaya, na asemaye ya kuwa hifadhi haina mabaya kwa jirani zake hajalala shambani usiku.

Tembo huvuka mpaka, na jamii moja huweza kumaliza kwa usiku mmoja kazi ya mwaka mzima. Fisi huchukua mbuzi. Nyumbu naye ana hatari yake: ndama wake hubeba ugonjwa usiomdhuru yeye, lakini ng'ombe akiupata hufa. Kwa hiyo Wamasai huwaondoa ng'ombe wao malishoni nyumbu wanapozaa. Serikali imeweka malipo yaitwayo kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Lakini watu hulalamika ya kuwa malipo hayo ni madogo, tena huchelewa; na jasho lililokauka halifutiki tena. Neno hilo na lisemwe wazi, kwa heshima, mbele ya wakubwa.

Lakini sisi nasi tuna deni. Wako kwetu wategao nyaya porini. Waya haichagui, humnasa swala, humnasa na mama mwenye mimba, humkata mguu tembo mchanga, na mara nyingi mwenye mtego hafiki kwa wakati, nyama ikaoza. Kuwinda pasipo kibali sheria imekataza, na wako vijana wa kwetu walio gerezani kwa ajili ya paja moja la nyumbu, na watoto wao wanaona njaa. Wako pia waingizao ng'ombe hifadhini usiku. Ng'ombe wakikamatwa, mali ya ukoo mzima imekwenda. Twajua ya kuwa malisho yamekuwa haba. Walakini malisho ya wizi hayajamtajirisha mtu.

Kisha iko habari ya mbwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uliingia Serengeti, na karibu theluthi moja ya simba wote walikufa. Mbwa-mwitu walikuwa wamekwisha kutoweka mwaka 1991, hata ikabidi waletwe wengine mwaka 2012. Tangu siku zile mbwa wa vijiji vya mpakani, hata vya Bariadi na Meatu, wamekuwa wakichanjwa, ili wasipate ugonjwa huo wala kichaa cha mbwa. Wengine husema, "Mbwa wangu yanihusu nini na simba?" Ndugu, sindano ile yamlinda mtoto wako kwanza. Kichaa cha mbwa kikimshika mtu na dalili zikaonekana, hapana dawa ya kumponya. Basi wachanjaji wakija, mlete mbwa wako, kama babu alivyowaleta ng'ombe wake.

Na juu ya tembo, yako yaliyojaribiwa na kufaa kiasi chake. Watu hulinda kwa zamu, si kila mtu peke yake. Hufunga kamba kuzunguka shamba, wakatundika vitambaa vilivyopakwa pilipili na oili chafu, maana tembo huchukia pilipili. Hutundika mizinga ya nyuki juu ya waya. Tembo akiigusa, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye huogopa nyuki kuliko fimbo. Tena mwenye mizinga hupata asali. Katika Meatu, vijiji vilivyoungana katika jumuiya ya hifadhi ya Makao vimetenga nchi yao kwa wanyama, navyo hupata mapato kwa wageni. Hayo si dawa ya yote, lakini ni afadhali kuliko kulala macho na kulaani.

VII. Kurudi

Tulirudi Ndabaka jua likishuka upande wa ziwa. Vijana waliimba njia nzima. Tulipofika Bariadi usiku, tulimwuliza mzee kama fedha yetu ya nauli ilipotea bure.

Akajibu, "Haikupotea. Nilikuwa namjua tembo wa usiku tu, sasa nimemwona wa mchana, ana watoto. Nimeona na ng'ombe ambao baba yangu aliwaponya asijue. Lakini walimu, deni la mtama bado nalidai."

Tukamwambia ya kuwa ana haki, na ya kuwa jirani adaiye kwa haki ni jirani bado. Aliyekata ujirani hudai kwa mshale. Msimu huu yeye na jirani zake watatu wameanza kulinda kwa zamu, nao wametundika mizinga sita upande wa mashariki wa mashamba yao. Mjukuu wake ndiye aliyeipanda mitini kuikagua.

Basi, wasomaji, nendeni mkaione. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Msiwaachie wageni peke yao kuijua nchi yenu.

Maswali ya kujifunza nyumbani na katika mikutano

1. Kwa nini nyumbu hakai mahali pamoja mwaka mzima? Eleza habari ya mvua na ya udongo.

2. Sotoka ilikwishaje katika Serengeti, iwapo nyumbu hawakuchanjwa? Jambo hili latufundisha nini juu ya mifugo yetu na mbwa wetu?

3. Waulizeni wazee wa kijiji chenu habari za sotoka, na habari za kuwekwa mipaka. Andikeni wanayoyasema kabla hayajasahauliwa.

4. Mzee alisema, "Deni la mtama bado nalidai." Je, ni nani apaswaye kulilipa, na kwa njia gani?

5. Pangeni safari ya usharika wenu: mwezi gani, lango gani, watu wangapi, fedha kiasi gani. Kisha mchagueni mzee mmoja asiyeweza kulipa, mwende naye.